Asiyeitika

Msomaji, nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu huko Asumbi, katika mazoezi ya kufundisha nilimkemea mtoto aliyenyamaza kila nilipomwita. Nilimdhania mkaidi. Kumbe homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemwacha kiziwi. Aibu ile haijanitoka hata leo.

Ndani ya sikio mna kijumba kilichojiviringa mfano wa nyumba ya konokono. Humo vinyweleo hugeuza sauti kuwa umeme, na mshipa wa fahamu huupeleka ubongoni. Vinyweleo vikifa, havioti tena. Mwaka 1957, mjini Paris, Djourno na Eyriès walithubutu kuuamsha mshipa huo kwa umeme. Siku hizi daktari hupenyeza uzi mwembamba kijumbani, na chombo kilicho nyuma ya sikio huupelekea sauti. Hata hivyo, mtoto hana budi kujifunza kusikia, kama ajifunzavyo kusoma. Tena, baada ya homa ile kijumba huweza kuziba kwa mfupa. Basi kuchelewa ni kupoteza.

Chombo hicho ni ghali, wala si kila kiziwi akitakaye. Lugha ya ishara ni lugha kamili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kuikuza.

Nawe, ukimwita mwenzako asiitike, usimhukumu. Msogelee kwanza, umtazame uso kwa uso.