Ombi la Maombi

Zaburi ya 55 haisomwi sana kwenye ibada zetu. Tunapenda ya 23 na ya 121, zenye mchungaji na milima. Hii ni ya mtu aliyegeukwa. Anasema adui angemtukana angevumilia; aliyemuumiza ni mwandani wake, ambaye walikuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu.

Niliielewa mwaka ambao siri yangu ilitolewa kwa njia ya maombi. Kaka yangu alikuwa amefungwa. Nilimwambia mtu mmoja tu, dada niliyeimba naye kwaya na kufunga naye kwa miaka minne. Alhamisi moja ambayo sikuhudhuria kikundi cha maombi, aliwaomba wenzetu wanikumbuke kwa sababu kaka yangu yuko gerezani. Jumapili yake shangazi wa mchumba wangu akaniuliza kesi imefikia wapi. Baada ya miezi miwili uchumba ukavunjika.

Nilipomuuliza, alishangaa. "Mpendwa, mimi nilikuombea tu." Umbea nao una nguo zake za Jumapili.

Wengi walinikumbusha habari ya saba mara sabini kabla sijamaliza kulia. Zaburi ile haina haraka hiyo. Mwenyewe analalamika, anatamani mabawa ya njiwa akimbilie mbali, anawatakia mabaya waliomsaliti. Yote anamwambia Mungu, na hakuna anayemnyamazisha. Wasomaji wengi huihusisha na Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyejiunga na uasi wa Absalomu. Daudi aliposikia, alimwomba Mungu aufanye ushauri wa Ahithofeli kuwa upumbavu. Kisha akamrudisha Hushai Yerusalemu akaupinge. Aliomba, na akajilinda.

Katika Yohana sura ya 13, Yesu anawaosha wanafunzi miguu, na Yuda bado hajatoka. Sura ya 2 ya Injili hiyohiyo inaeleza kwamba Yesu hakujiaminisha kwa watu, maana alijua yaliyomo ndani ya mtu. Nimezisoma sura hizo pamoja mara nyingi. Aliyemwosha msaliti miguu ndiye huyohuyo ambaye hakujikabidhi kwa kila mtu. Msamaha naweza kuutoa peke yangu, hata mwenzangu asipouomba. Kuaminiana kunahitaji wawili, na kwetu ilichukua miaka minne kukujenga mara ya kwanza.

Bado tunaimba sauti moja. Siku nyingi namsalimia kwa moyo mweupe, siku nyingine najilazimisha. Alipofiwa na mama yake nilikwenda, nikaosha vyombo mpaka usiku. Alhamisi wakiniuliza nina ombi gani, nataja afya ya mama au mitihani ya mdogo wangu. Kaka anatoka mwakani. Yeye namwombea nyumbani, mlango nimeufunga.