Siku za kungojea karatasi Lubumbashi

 Tangu nirudi Kamina na mtoto mgongoni, wengi mmeniuliza mambo ya tribinali, ya avoka na ya feza, nami nimewajibu kwa mdomo. Leo ninaandika juu ya jambo ambalo mama mkwe peke yake aliniuliza, tena kwa ukali kidogo: kwa majuma matano yote nilikuwa ninatembea-tembea mjini kutafuta nini, na foto zote zile ni za kazi gani?

Mtoto alikuwa na miezi minane. Aliachwa kwenye mlango wa zahanati moja ya Katuba, siku chache tu tangu azaliwe, bila karatasi, bila jina. Masista wakamlea. Mimi na baba wa nyumba tumeoana miaka tisa, na hakuna mtoto. Katika jamaa zetu kulea mtoto wa ndugu si jambo jipya, kila nyumba ya Kamina inao. Lakini huyu hakuwa wa ndugu, na sisi tulitaka awe wetu mbele ya sheria, si mbele ya majirani tu. Ndiyo maana ya adopsiyo.

Kabla ya safari nilisoma Kodi ya Familia, ile ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inasema kwamba adopsiyo inamfanya mtoto kuwa na wazazi wapya, lakini anabaki na kifungo chake na jamaa alimotoka. Hapo nilifunga kitabu, nikafikiri. Huyu jamaa yake ni nani? Hakuna mjomba, hakuna nyanya, hakuna hata kijiji cha kutaja. Kitu kinachojulikana ni mji wa Lubumbashi na mlango wa zahanati. Basi nikajiambia: kama kifungo chake kimebaki na mji, ni lazima mimi niujue mji huo vizuri, kwa sababu siku moja ataniuliza mimi.

Wazo hili halikuanza na mimi. Rafiki niliyesoma naye alinieleza habari za wazazi wa Marekani waliokuwa wakienda Uchina kuchukua watoto. Uchina ilifungua mlango huo kwa sheria iliyoanza 1992, na ikaufunga 2024. Waliokwenda Marekani tu ni zaidi ya watoto 80,000, wengi wao wasichana. Wazazi wale walikuwa wakingoja viza katika mji wa Guangzhou, kwenye kisiwa kidogo kinachoitwa Shamian, ambako miaka mingi kulikuwa konsulati ya Marekani. Hoteli yao ilikuwa White Swan. Walikwenda kuona Ukuta Mkubwa, walizunguka masoko na mahekalu, na mwishoni waliwapanga watoto wote kwenye kiti kirefu chekundu cha hoteli, wakapiga foto. Watu wengine waliwacheka: mmekuja kuchukua mtoto ao kutalii? Mimi sicheki. Mtoto anayekulia Chicago, kama mama yake hakuangalia Guangzhou kwa macho yake, atamwambia nini?

Kwetu Congo pia wazazi wa namna hiyo wamengoja, na kungoja kwao kulikuwa kuchungu. Mwezi wa 9 wa 2013 serikali ilisimamisha ruhusa ya kutoka kwa watoto waliokwisha kupata hukumu ya adopsiyo, na mambo hayakufunguka mpaka 2016. Mama wengine walihamia Kinshasa, wakaishi huko na watoto wao. Majuma yangu matano si kitu mbele ya hayo, wala mimi sikutoka nje ya nchi. Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 600 za reli: Bukama, Luena, Tenke, Likasi, halafu umefika.

Nililala kwa mama mkubwa wangu, kulekule Katuba. Baba wa nyumba alikuja siku ya kusikilizwa, akarudi kazini. Kutoka juma la pili masista waliniruhusu kumchukua mtoto asubuhi na kumrudisha saa kumi. Nikamfunga na kikwembe, tukaanza.

Tulianza na kitu ambacho kila mtu wa Lubumbashi anakionyesha: bomba la moshi la Gécamines na kando yake mlima mweusi wa takataka za shaba. Mji ulianzishwa 1910 juu ya shaba hiyo, na mwaka uliofuata tanuru likaanza kuyeyusha. Wabelgiji waliuita Elisabethville, mpaka 1966 ukarudishiwa jina la mto wake. Foto ya kwanza ni hiyo: mtoto amelala, mlima nyuma. Ukiniuliza mimi, mlima ule si mzuri. Lakini baba wa mtoto huyu, ao babu yake, labda alikula mkate wake pale. Siwezi kujua, na siwezi kumwacha nje ya foto kwa sababu tu sijui.

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo, la matofali, tuliingia tukaketi nyuma. Zoo tulikwenda pia, alilia tukatoka. Soko ya Kenya ilimpendeza zaidi: kelele, kapenta kavu kwenye vikapu, chikanda iliyokatwa vipande, munkoyo katika ndoo. Mama mmoja alimpa kipande cha chikanda akilambe, akaniuliza: « Wa ngapi huyu? » Nikajibu: « Wa kwanza. » Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema neno hilo mbele ya mtu.

Fasi niliyokaa sana ni nyumba ya makumbusho ya taifa. Mimi ni mwalimu, nilitaka kuona ile misalaba ya shaba ambayo ninawafundisha watoto kwamba ilikuwa feza ya wazee wetu, na ambayo mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Lakini kilichonishika ni habari za Sanga. Sanga iko kwetu Haut-Lomami, kwenye ziwa Kisale. Wataalamu walichimba huko 1957 na 1958, wakapata makaburi ya watu walioishi miaka karibu 1000 iliyopita, na vyungu vizuri vimepangwa kando ya wafu. Kaburi la mtu mzima lina vyungu vikubwa. La mtoto lina vyungu vidogo, vimetengenezwa kwa kipimo chake. Nilisimama na huyu mgongoni, anavuta nywele zangu, nikamwambia kwa sauti: huku ndiko ninakokupeleka. Watu wa huko walijua kwamba mtoto ni mtu, anastahili vyombo vyake. Mlinzi aliniangalia kama mgonjwa wa kichwa.

Mahali pa mwisho palikuwa zahanati. Niliahirisha mpaka juma la tano. Mama mkubwa alisema nisiende, nitaleta maneno. Nilikwenda. Ni mlango wa kijani, na ngazi mbili za simenti. Ng'ambo ya barabara kuna mama anayeuza makala. Nilinunua mafungu mawili, tukazungumza, na kumbe ndiye aliyemsikia mtoto akilia kabla jua kutoka. Alinieleza kwamba alikuwa amefungwa vizuri, kikwembe cha buluu chenye ndege, kimezungushwa mara mbili juu ya baridi, na kofia kichwani. « Aliyemwacha hakumtupa, » alisema. « Alichagua mlango wa zahanati. » Niliandika maneno yake palepale, na siku, na rangi. Nilipiga foto ya ngazi zile. Mama wa makala alikataa foto yake mwenyewe, nami sikumlazimisha.

Hizo ndizo foto ambazo mama mkwe hataki. « Mwanangu, » aliniambia, « mtoto huyu sasa ni wetu. Mbona unamwekea kumbukumbu ya mlango ule? Atakapoona ngazi hizo, moyo wake utaondoka hapa. » Nilimjibu: « Mama, Kamina ni mji mdogo. Kama sisi hatutamwambia, atasikia kisimani, kwa mtoto mwenzake, na kwa neno baya. » Alinyamaza. Hatujapatana bado. Anampenda mtoto sana, anamwimbia kwa Kiluba kila jioni, lakini kaye yangu yenye foto akiiona mezani anaifunika na kitambaa. Mimi ninaifunua. Siku nyingine tunafanya hivyo mara mbili kwa siku, bila mmoja kusema neno.

Hukumu ilipotoka tulipanda treni. Bukama tulivuka Lualaba wakati wa usiku, nikamwinua dirishani ingawa hakukuwa cha kuona ila maji meusi na taa chache. Ukurasa wa mwisho wa kaye nimeandika: « Bukama, umevuka mto. » Foto haikutoka.

Wale mama wawili ambao nao wanapanga kwenda tribinali, njooni kwangu alasiri, masomo yakiisha. Nitawaonyesha orodha ya karatasi zinazotakiwa. Kaye mtaikuta mezani, ama imefunikwa ama imefunuliwa.