Hadithi za Ujana na Swali Tulilolizoea

Wasomaji wetu wakaao huku juu wanajua jinsi baridi ya Juni na Julai inavyouma katika Njombe. Asubuhi ukungu huingia hata darasani, na wanafunzi huketi mikono yao imefichwa ndani ya masweta, wala hapana apendaye kuutoa mkono ili aandike. Wakati kama huo ndio tunaopenda kusoma hadithi, kwa maana hadithi yataka masikio tu, na mikono yaweza kukaa mahali pake penye joto.

Sisi twafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi kila tulipomaliza hadithi tuliuliza swali moja: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Nalo darasa lilijibu kwa sauti moja, kama watu waitikiao kibwagizo: tuwatii wazazi, tusiwe wavivu, tuchague marafiki wema. Majibu hayo si ya uongo, tena huwapatia alama katika mtihani. Walakini siku moja tuligundua kwamba mtoto aweza kuyatoa yote pasipo kukifunua kitabu, na tangu siku hiyo swali letu likaanza kutuchosha.

Kosa hili lina asili yake. Wengi wetu tulilelewa kwa ngano za jioni, bibi akisimulia kwa Kibena huku viazi vikiiva majivuni. Katika ngano Sungura huanza akiwa mjanja na humaliza akiwa mjanja vilevile. Fisi ni mlafi leo na kesho. Hapana akuaye humo. Kwa hiyo ni haki kuuliza ngano inafundisha nini. Lakini hadithi fupi ya ujana ni kitu kingine. Mtoto aingiaye katika ukurasa wa kwanza siye atokaye katika ukurasa wa mwisho, na kati ya hao wawili ipo saa moja, mara nyingi saa ndogo sana, ambayo ndani yake amegeuka. Msomaji akiikosa saa hiyo ameikosa hadithi, hata akiwa amelipata funzo.

Kipo kitabu ambacho si hadithi fupi, lakini wanafunzi wengi wa nchi yetu wamekisoma, nacho ni Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka mwaka 2002. Peter na Zita, watoto wa mama auzaye chakula, wanafukuzwa shuleni kwa kukosa ada na sare. Wanafunzi wetu huandika: dhamira, umaskini; ujumbe, elimu ni muhimu. Huweka fani upande huu na maudhui upande ule, kama mchuuzi atengaye viazi vikubwa na vidogo. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kutenga hivyo. Lakini mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake akaambiwa aende zake, je, hutembeaje njiani? Humwambia nini rafiki akutanaye naye? Katika darasa letu walikuwamo watoto waliojua, maana wameitembea njia hiyo kwa miguu yao, wala hatukuwahi kuwauliza.

Hata marehemu Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, hakukimbilia funzo. Alimwekea msomaji jambo la kushangaza: liwali mwenye sifa ya haki, naye kila usiku huwapiga nyani wawili. Msomaji hukaa na mshangao huo muda mrefu kabla ya kuambiwa kwamba nyani wale ni ndugu zake. Mwenye haraka ya kupata funzo humhukumu Adili mapema, kisha humbidi arudi nyuma.

Basi juma moja tuliweka kando vitabu vya mtihani, tukasoma hadithi fupi ambayo imo katika nyumba nyingi za kijiji, ile ya mwana mpotevu katika Luka 15. Tulipomaliza, tukangoja kibwagizo. Kikaja: tutubu, baba husamehe. Ndipo binti mmoja wa nyuma, ambaye si msemaji, akauliza, "Mwalimu, na yule kaka mkubwa aliingia?"

Wenzake walicheka. Sisi tukafungua kitabu tena. Baba amesimama nje akimsihi mwanawe, ndani ngoma zinapigwa, na hadithi imekwisha hapo. Haikusemwa kama aliingia. Tumeisikia habari hiyo tangu utotoni, tena tumeifundisha, wala hatukuona kwamba kijana yule ameachwa amesimama uani. Hatukuwa na jibu la kumpa binti yule. Badala yake tukawaambia, "Sikilizeni hadithi nyingine," nasi tukaanza.

Walikuwako wavulana wawili katika kijiji kimoja kusini ya Njombe, waliochunga ng'ombe pamoja. Walikuwa na sweta moja la kijani, kuukuu, la kaka wa mmoja wao. Mmoja alilivaa asubuhi hata jua likipanda, na mwenziwe alilivaa jioni. Siku ya mvua waliingia wote wawili ndani yake, kila mtu mkono mmoja, wakacheka hata ng'ombe wakapotea. Mwaka 2003 mmoja wao, mwenye miaka 13, akapelekwa Makambako kukaa kwa baba yake mdogo, aliyekuwa na duka karibu na stendi.

Msomaji anaijua Makambako: barabara ya Njombe na Songea yaikuta pale ile itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita palepale. Watu wa kila namna hushuka. Wavulana wa stendi walisema Kiswahili cha haraka, nao walimcheka kila aliyekitamka kwa lafudhi ya Kibena. Mgeni wetu alijifunza upesi. Baada ya miezi minne hapana aliyemcheka, naye mwenyewe akawa miongoni mwa wachekao.

Ikawa siku moja lori la viazi likasimama, na juu ya magunia alikuwako rafiki yake. Alishuka akiwa na kifurushi kwapani, akaja mbio, akaita jina la nyumbani, lile ambalo mjini halikujulikana, akasema, "Kamwene!" Wavulana wa stendi wakageuka kutazama. Na yule kijana akajibu kwa Kiswahili, "Mimi sikujui. Unamtafuta nani?"

Mwenziwe alimtazama. Hakukasirika. Akasema naye kwa Kiswahili, taratibu, kama asemavyo mtu na mgeni, "Samahani, nimekufananisha." Akarudi kwenye lori.

Jioni baba mdogo alimpa kijana kifurushi kilichoachwa dukani. Ndani yake mlikuwa na lile sweta.

Tuliponyamaza, hapana mwanafunzi aliyetoa kibwagizo. Tukawaambia waandike ukurasa mmoja, waendelee pale tulipoacha, nao wakaitoa mikono katika masweta bila kuagizwa mara mbili. Wengi walimfanya kijana alie na kukimbilia lori. Mmoja, mwenyeji wa Makambako, aliandika kwamba kijana alilificha sweta chini ya kitanda, na kila alipoulizwa habari za kwao alisema amezaliwa mjini. Hilo ndilo lililokuwa kweli. Yule binti wa nyuma aliandika mstari mmoja tu: rafiki hakumfananisha, bali alimpa njia ya kutoka bila aibu mbele ya watu, naye akaipita.

Miaka zaidi ya 20 tulikuwa tumeamini kwamba maneno yale yalikuwa ya kutuadhibu. Hatukuwaza kwamba yaweza kuwa msaada wa mwisho wa rafiki.

Wakati wa kukusanya madaftari mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, kijana yule ni wewe?" Tukajibu kwamba kengele imelia, nayo kweli ilikuwa imelia.

Rafiki yule yu hai, naye ana gari la kubeba mazao. Kwa miaka mingi tulipoonana sokoni tulipungiana mkono kutoka mbali. Mwezi uliofuata tulimwona katika stendi ya Njombe akifunga turubai. Tukamwendea, tukasema, "Kamwene," watu wakiwa wengi. Aligeuka, akatazama kidogo, akajibu, "Kamwene, mwalimu." Hakutuita kwa lile jina la nyumbani. Akaendelea kufunga kamba, kisha akauliza kama tunakwenda Makambako, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa wazi.

Hatukuwa na safari siku ile. Tukapanda.