Mwache Afunge Vifungo Vyake

Sisi wauguzi tunaojitolea kanisani huwatembelea wagonjwa majumbani, na miongoni mwao wamo waliopasuliwa uvimbe wa ubongo. Hapa Dar es Salaam upasuaji huo hufanyika MOI, Muhimbili, na mionzi hutolewa Ocean Road. Lakini kazi ndefu huanza mgonjwa akisharudi nyumbani, nayo huangukia mikononi mwa mke au mama.

Mama mmoja alimpenda mumewe kupita kiasi. Alimlisha, akamvisha, akawajibu hata wageni kwa niaba yake. Baada ya miezi 2 mkono wa kulia ulikuwa umekakamaa, na baba yule ameacha kusema. Tulimweleza mama kwamba ubongo hujifunza upya kwa kurudia kazi ileile kila siku. Basi ampe nafasi. Akivaa shati, mkono dhaifu utangulie. Akivua, uwe wa mwisho. Asivutwe kwa mkono huo, bega litaumia. Aulizwe swali fupi, kisha asubiriwe. Ale akiwa ameketi wima, matonge madogo, na asilale kwa nusu saa. Akipaliwa mara kwa mara, arudishwe kwa daktari.

Leo baba huyo hufunga vifungo vyake mwenyewe. Humchukua robo saa, lakini hufunga.

Gumu zaidi ni tabia. Mume mpole aweza kurudi akiwa mkali na mwenye matusi, hasa uvimbe ukiwa sehemu ya mbele ya ubongo. Dawa ya deksamethasone nayo huweza kuleta hasira na kukosesha usingizi. Mwarifu daktari, wala usiikatishe ghafla. Mama, mumeo hajarogwa, wala hajaacha kukupenda. Ni ugonjwa.

Kifafa kikimshika, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitali.

Nawe unayeuguza, usibebe peke yako. Katika jumuiya yetu akina mama wawili hukaa na mgonjwa kila Jumatano, mkewe apate kulala. Jirani akikuuliza akusaidie nini, usimjibu "tuombee" tu. Mwombe pia saa mbili za mchana wake.