Ngoma ya Kuka Iliuzwa Ngiri Tatu

Desemba iliyopita nilikuwa matangani huko nyumbani, upande wa Shinyalu, nimekaa zangu na sahani ya ugali, wakati senje aliniuliza mbele ya watu wote: "Na wewe siku hizi unasomea nini vile?" Nikamwambia niko mwaka wa kwanza wa masta, anthropolojia na mambo ya makavazi. Akatafuna kidogo, akameza, halafu akauliza, "Yaani utakuwa unapangusa mafuvu vumbi?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu senje akiamua kukumaliza, hakuna pa kujificha.

Hilo swali naulizwa kila wiki, kwa njia tofauti. Wengine wanauliza kazi iko wapi. Wengine wanauliza kwa nini nisingefanya kitu cha kompyuta. Leo wacha nijibu mara moja, na jibu linaanza na kitu ambacho sijawahi kusema hapa.

Mwaka ule niliitwa kidato cha kwanza, nyumbani hakukuwa na doo. Kuka alikuwa ameshafariki. Chumbani mwake kulibaki kigoda chake na ngoma ya isukuti, ile kubwa inayobebwa kwa mkanda begani. Jamaa mmoja akaja na pikapu. Alikuwa anazunguka vijijini akinunua vitu vya zamani. Akampa Kukhu ngiri tatu kwa vyote viwili. Mimi ndiye nilibeba kigoda mpaka garini, na akanipa hamsini ya soda. Ile ngiri tatu ilininunulia godoro na sanduku la shule. Nilifurahi, manze. Hakuna aliyelia siku hiyo.

Nilikaa miaka mingi bila kuifikiria hiyo ngoma. Halafu siku moja darasani tukafundishwa kuhusu vigango.

Kwa wale hawajui, kigango ni nguzo ya mbao ambayo Wamijikenda wa Pwani huchonga na kuisimamisha kwa heshima ya mzee aliyefariki, hasa wazee wa chama cha Gohu. Ikishasimama, haing'olewi. Inaachwa pale mpaka iishe yenyewe. Sasa, mwaka 1985, mwanaanthropolojia anayeitwa Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye, vigango vikaibwa. Mzee akafariki bila kuviona tena.

Mwaka 1999, Udvardy alikuwa kwenye kongamano Marekani, mtafiti mwenzake Linda Giles akionyesha picha za vigango vilivyokuwa kwenye makavazi ya huko Illinois. Akakitambua kimoja. Kile kingine kikapatikana baadaye katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi kwa familia. Karibu miaka ishirini na mbili, na yote ilianza na picha moja iliyopigwa kijijini na mtu ambaye hakuisahau.

Baada ya hilo somo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ngoma ya Kuka haina picha. Haina tarehe, haina jina la fundi, haina chochote. Hata ikiwa leo iko kwa kabati la kioo mahali fulani, mimi mwenyewe niliyelala karibu nayo sina njia ya kusema "hiyo ni yetu."

Na hatuko peke yetu. Kuna mradi uliofanywa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wasanii wa Nairobi wa The Nest Collective, kundi la SHIFT, na makavazi mawili ya Ujerumani, moja Cologne na jingine Frankfurt. Walikuwa wanaorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje. Orodha ilipita vitu 32,000. Elfu thelathini na mbili, wasee. Ngoma takatifu ya Wapokomo, ngadji, ilichukuliwa na wakoloni mwaka 1902 na iko British Museum mpaka leo. Mradi huo ulipofanya maonyesho Nairobi mwaka 2021, sehemu ya maonyesho ilikuwa makabati ya vioo matupu. Unalipa kiingilio, unaangalia nafasi ya kitu kisichokuwepo.

Sasa, tunasoma nini hasa? Kwanza, mafuvu bado sijapangusa, senje. Tunasoma jinsi ya kufuatilia kitu kilipita kwa mikono ya nani: nani alikitengeneza, nani alikiuza, alikuwa na haki ya kukiuza au la. Tunasoma jinsi unyevu, mwanga na wadudu wanavyokula mbao na ngozi. Tunasoma kuandika kile kikaratasi kidogo chini ya kitu, ambacho ni kazi ngumu kuliko kapshoni yoyote niliyowahi kuandika, kwa sababu huwezi kuandika tu "ngoma, Afrika Mashariki" na uende zako.

Kuna kitu kimoja kilinishtua. Zamani makavazi mengi ya Ulaya na Marekani yalikuwa yanapaka vitu dawa za wadudu zenye sumu, kama aseniki na zebaki. Kwa hivyo kitu kinaweza kurudishwa nyumbani, kijiji kizima kiimbe, halafu hakiwezi kuguswa bila glavu. Unaletewa ngoma ambayo huwezi kuicheza. Hapo ndipo nilielewa kwamba kurudisha si kuweka kitu kwa ndege tu. Lazima mtu akae na wazee, aseme ukweli, waamue pamoja. Hiyo ndiyo anthropolojia ya vitendo, na haifanywi na mtu anayepita kijijini siku mbili na kamera.

Mtu kama mimi, yaani.

Mwezi wa nne nilienda nyumbani na simu yangu na kimaikrofoni kidogo, nikamwomba Kukhu aniambie kuhusu ngoma. Alikubali haraka. Aliongea dakika arobaini. Akasema ilikuwa na ufa karibu na mdomo, Kuka akaufunga kwa waya. Akasema ngozi yake ilikuwa ya kenge. Akasema isukuti hazichezwi moja moja, zinaenda tatu, na hizo nyingine mbili zilikuwa kwa boma mbili tofauti hapo karibu, ili mtu mmoja asijifanye mwenyewe wa zote. Akanyamaza. Halafu akasema, "Hiyo ngoma haikuwa ya Kuka wako. Alikuwa anaiweka tu."

Unaelewa? Aliuza kitu cha watu wote. Alijua siku ile, na amejua miaka hii yote. Majirani walipouliza, aliwaambia imeliwa na mchwa. Tangu hapo, matanga yakitokea, wanakodisha kikundi kutoka mbali.

Nilikuwa na video kali kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Machozi, sauti safi, jua la jioni nyuma yake. Nilipomaliza kurekodi aliniuliza, "Hiyo utaweka kwa simu za watu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Usiweke."

Wacha niwe mkweli, nilikaa nayo wiki mbili. Niliihariri hata. Nilijiambia nitaficha sura, nitabadilisha sauti. Kisha nikafikiria yule jamaa wa pikapu. Yeye pia alikuja kwa heshima, akasalimia vizuri, akaondoka na kitu ambacho aliyempa hakupaswa kumpa. Nikaifuta. Sauti peke yake ndiyo nimeweka, kwa diski ambayo iko kwake, kwenye sanduku lile lile la shule.

Mwezi uliopita nilirudi nikamuuliza upya, safari hii bila kamera. Je, naweza kuandika, bila jina lake, bila sura, bila kutaja kijiji? Akafikiria mpaka chai ikapoa. Akasema, "Andika. Lakini useme ilikuwa karo." Alikuwa ameshawaambia wenye zile ngoma nyingine mbili. Mmoja amekasirika mpaka leo. Mwingine alicheka, akasema yake aliiuza pia.

Sasa turudi kwa swali la kazi. Ni kweli nafasi ni chache. Ukitoka Kakamega, makavazi ya kitaifa ya karibu ni Kisumu na Kitale. Lakini soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: makavazi yako kwenye kazi za kaunti. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Haraka, walisema. Kwa hivyo kazi ipo. Mshahara ndio bado haujaandikwa, na hilo silifichi. Nitahangaika kama wengine, nitafanya video za watu, nitaandika maombi ya ufadhili. Lakini sisomei kitu kisicho na kazi.

Wewe ukienda nyumbani wikendi hii, usiniletee hadithi za British Museum kwanza. Ingia chumba cha wazee. Piga picha kigoda, chungu, ngoma, chochote kilichobaki. Uliza nani alikitengeneza na ni cha nani. Andika tarehe. Na kabla hujaposti, uliza kama unaruhusiwa.

Ngoma yetu ina ufa karibu na mdomo, umefungwa kwa waya. Ukiiona mahali, niambie.