Pastinaka, mzizi usiopenda kuhamishwa

Watoto wanaokaa milimani, pande za Kivu, wanaijua karoti. Wanaijua kabichi vilevile, maana zote mbili hulimwa huko na kupelekwa sokoni. Lakini karoti ina ndugu yake ambaye wengi hawajamwona. Jina lake ni pastinaka. Kwao ni Ulaya, kwenye baridi. Umbo lake ni kama la karoti, nene juu na jembamba chini, ila rangi yake ni nyeupe, na harufu yake ni kali kidogo. Ikitiwa katika supu, au ikikaangwa kwa siagi, huwa tamu.

Zamani, kabla ya viazi kuletwa kutoka Amerika, watu wa Ulaya walikula pastinaka sana. Viazi vilipoenea, pastinaka ikapungua mashambani, lakini haikupotea. Sababu yake ni hii. Katika nchi zile, wakati wa baridi kali, bustani hulala. Umande huganda kuwa barafu, na majani ya mboga nyingi hufa. Pastinaka haiogopi. Inakaa ndani ya udongo, na mkulima huichimba siku anapoihitaji. Tena baridi huifanya iwe tamu zaidi, kwa maana sehemu ya wanga iliyo ndani ya mzizi hugeuka kuwa sukari. Basi mwenye pastinaka ana akiba ya chakula chini ya miguu yake.

Lakini akiba hiyo haipatikani kwa uvivu. Mzizi hukua gizani. Siku unapouona, kazi imekwisha. Ukiwa mbaya, huwezi tena kuutengeneza. Ndiyo sababu mkulima wa pastinaka huangalia sana mambo matatu: mbegu, udongo, na siku ya kupanda.

Tuanze na mbegu. Mbegu ya pastinaka ni pana, bapa na nyepesi kama ganda la kitunguu. Upepo kidogo tu unaichukua. Kwa hiyo hupandwa siku iliyotulia. Tena mbegu hii huzeeka upesi. Mbegu za kabichi zikikaushwa na kutunzwa vizuri zinaweza kukaa miaka kadhaa na bado kuota. Za pastinaka, baada ya mwaka mmoja, nyingi zimekwisha kufa. Kwa macho hazina tofauti na zilizo hai.

Hapo ndipo ilipo hatari. Pastinaka huchelewa kuota. Hukaa majuma mawili, matatu, hata manne kabla ya kuonyesha jani. Mkulima anatazama tuta lake, anaona udongo mtupu. Je, mbegu zimelala tu, au zimekufa? Akingoja mwezi mzima kisha asione kitu, wakati wa kupanda umekaribia kupita, na baridi itamkuta bila akiba. Watu husema, mvumilivu hula mbivu. Ni kweli. Lakini anayevumilia mbegu iliyokufa hali kitu.

Mkulima mwenye akili hangoji hivyo. Kabla ya kupanda, huhesabu mbegu 10. Huzifunga ndani ya kitambaa kilicholowa maji kidogo, na kukiweka mahali penye joto ndani ya nyumba. Kila siku anakiangalia kisikauke. Baada ya majuma mawili au matatu anakifungua na kuhesabu. Zikiota saba au nane, mbegu ni nzuri. Zikiota tatu tu, atapanda nyingi zaidi mahali pamoja. Isipoota hata moja, atatafuta mbegu mpya, na wakati bado upo.

Sasa udongo. Pastinaka hutaka udongo laini, uliolimwa kwenda chini sana. Mawe huondolewa. Samadi mbichi haitiwi, kwa sababu mzizi ukikutana na jiwe au na bonge la samadi, hugawanyika na kuwa na miguu miwili au mitatu. Mkulima huchagua tuta lililotiwa samadi mwaka uliopita, likalimwa mboga nyingine.

Katika Ubelgiji na Uingereza hupandwa tangu mwezi wa tatu hata mwezi wa tano, udongo unapoanza kupata joto. Mkulima huchora mfereji mdogo, kina chake sentimita moja hivi. Kila baada ya sentimita 15 huweka mbegu tatu. Kati ya mstari na mstari huacha sentimita 30. Katika mfereji uleule huchanganya mbegu chache za figili. Figili huota upesi, pengine katika juma moja tu. Inaonyesha mstari ulipo, na mkulima anaweza kupalilia bila kuwakata ndugu zake wanaochelewa. Halafu figili huvunwa, na pastinaka inabaki na nafasi yake. Miche ikitoka, mmoja wenye nguvu huachwa kila mahali, mingine hung'olewa.

Je, haifai kupanda mbegu katika kitalu, kisha kuhamisha miche kama ya kabichi? Chukueni mfano wa mtoto wa mkulima. Amemwona babu yake akihamisha kabichi, nazo zikastawi. Siku moja anaona miche ya pastinaka imesongamana upande mmoja wa tuta, na upande wa pili ni mtupu. Anaing'oa mingine kwa uangalifu, anaipanda pale palipo wazi, anaimwagilia maji. Majani yanasimama vizuri. Mtoto anafurahi. Baridi inafika, wanachimba. Upande wa babu imetoka mizizi mirefu, iliyonyoka. Upande wa mtoto imetoka mifupi, yenye vidole kama mkono wa mtu.

"Babu, mbona kabichi hazikuharibika?"

"Mjukuu wangu, kabichi tunakula majani yake. Ukiikata mizizi, itaota mingine, na majani hayatajali. Pastinaka tunakula mzizi wenyewe. Ulipoing'oa, ulikata ncha, na ncha ndiyo iliyoongoza njia."

Maneno ya mzee ni ya kweli. Mbegu ya pastinaka inapoamka, kitu cha kwanza kutoka si jani, ni mzizi. Wakati majani mawili ya kwanza yanapofika kwenye mwanga, mzizi umekwisha kushuka mbali. Ncha yake ni nyembamba kama uzi. Ikikatika au ikipindwa, mzizi haunyoki tena, hutoa matawi. Hata karoti ni hivyohivyo.

Hata hivyo, wakulima wengine wanataka kuanza mapema, wakati udongo wa nje bado una baridi. Nao wamepata njia. Hukunja karatasi ya gazeti iwe bomba refu, kimo chake sentimita 12 au 15. Hujaza udongo laini na kuyasimamisha mabomba pamoja ndani ya sanduku. Katika kila bomba hutia mbegu tatu, na baadaye huacha mche mmoja tu. Mara mche unapopata jani la kwanza lenye meno, kabla mzizi haujapita chini ya bomba, wanaupeleka bustanini. Hutoboa shimo lenye kina sawa na bomba, na kulizamisha lote pamoja na karatasi yake. Hubana udongo pande zote, humwagilia maji. Karatasi itaoza yenyewe. Kwa hiyo mche umehamishwa, lakini mzizi haukuguswa. Haukujua hata kwamba umesafiri.

Jambo moja la hatari lisisahauliwe. Maji ya majani na mashina ya pastinaka yakigusa ngozi, kisha jua likaipiga, ngozi huungua na kutoka malengelenge. Kwa hiyo wanaopalilia huvaa mikono mirefu, na kazi hiyo huifanya jioni au siku ya mawingu.

Mtu anaweza kuuliza: mzizi huu mnene ulitoka wapi? Pastinaka ya porini ipo hata leo kando ya njia za Ulaya. Mzizi wake ni mwembamba na mgumu kama kijiti. Mwishoni mwa miaka ya 1840, James Buckman, mwalimu wa chuo cha kilimo cha Cirencester huko Uingereza, alichukua mbegu za porini akazipanda katika udongo mzuri. Mizizi ilipokomaa, aliitazama mmoja mmoja, akaichagua ile iliyo bora. Pastinaka hutoa maua mwaka wa pili, basi ilimbidi kungoja kila mara apate mbegu, azipande, achague tena. Alifanya hivyo miaka mingi. Mwaka 1860 mbegu za aina yake mpya zilianza kuuzwa kwa watu. Aina hiyo iliitwa Student, yaani Mwanafunzi, na mpaka leo inalimwa. Mzizi wa porini, uliokuwa kama kijiti, ulifundishwa kidogo kidogo ukawa chakula.

Ninyi mnaolima bustani ya shule, labda hamtapata mbegu za pastinaka. Si kitu. Karoti ina tabia hiyohiyo: pandeni mbegu zake pale pale mtakapovuna, katika udongo laini usio na mawe wala samadi mbichi. Kabichi iwekeni katika kitalu, mkaihamishe baadaye, nayo itawashukuru. Kila mche una desturi yake, na mkulima mwema huijua kabla ya kushika jembe. Tena kabla ya siku ya kupanda, chukueni mbegu 10, mzifunge katika kitambaa chenye maji, mhesabu.