Malaba na Tunduma: Saa za Kusimama

Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Dar es Salaam hadi Tunduma, vilevile. Ukitazama ramani utadhani gharama ni moja, lakini kinachomla mwenye lori ni saa, na nyingi zinakwenda gari likiwa limesimama.

Malaba mambo yanakwenda. Tangu Eneo Moja la Forodha lianze mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa kabla kontena halijatoka bandarini, kwa hiyo mpakani ofisa anakagua lakiri na hati, basi. Tunduma nako kuna kituo cha pamoja na Nakonde tangu 2019, ila mzigo wa Lubumbashi unapita Zambia, nje ya Eneo hilo la Forodha, na foleni niliikuta imefika mjini. Dereva mmoja alikuwa amefungua sanduku la vyombo ubavuni mwa tela; utingo anasonga ugali kivulini. Wameshazoea, na kuzoea huko ndiko kulikoniuma. Meneja wao kule Dar alikuwa amenionyesha daftari la dizeli lililojazwa hadi lita ya mwisho. Safu ya saa za kusubiri haikuwemo.

Ingekuwemo, angekutana na hesabu za foleni alizozianzisha Agner Krarup Erlang wa Denmark mwaka 1909 akichunguza simu. Tuseme mizani ina uwezo wa kupima wastani wa malori 60 kwa saa, na malori yanakuja bila mpangilio, mengine yakichelewa kupimwa kuliko mengine. Yakija 50 kwa saa, kila moja hupoteza kama dakika 6. Yakija 57, dakika 20. Yakija 59, saa nzima! Mizani ni ileile, wapimaji walewale.

Ndiyo maana nilipendezwa na yadi moja ya Mombasa ambako magari hutolewa kwa kupishana, usiku na mchana. Yale ya Dar yaliachiwa yote Ijumaa jioni, yakaenda kurundikana mizani ya Vigwaza. Meneja anasema foleni ni ya serikali. Sehemu yake, naamini, anaitengeneza mwenyewe, na anayeilipia ni dereva: posho yake ni ya safari, haiongezeki siku zikiongezeka, na unga wa Tunduma hununuliwa kwa fedha iliyokuwa iende nyumbani.

Niliporudi nilimwomba aongeze safu mbili daftarini: saa ya kufika, saa ya kuondoka. Amekubali kuanza na magari ya Zambia.